Gamba Lilibaki Nyumbani Kwetu

Naandika kutoka Mngeta, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo reli ya TAZARA inapita karibu na mashamba yetu ya mpunga. Mimi si mwandishi wa kazi. Ni mkulima, na umri wangu umekwisha kuwa mkubwa. Lakini nina jambo moja linalonielemea moyoni, na naona heri niwaambie ninyi, akina baba na akina mama wa vijijini, kabla uchaguzi mwingine haujafika na kutukoroga tena.

Je, umepata kuona gamba la nyoka? Sisi wakulima wa mpunga twaliona mara nyingi. Waondoa magunia ghalani, na chini ya gunia la mwisho wakuta kitu chepesi kama karatasi, kirefu, kimechorwa tangu kichwa hata mkia. Watoto hupiga kelele na kukimbia, lakini nyoka mwenyewe amekwisha kwenda zake. Marehemu baba yetu alitufundisha mambo mawili juu ya nyoka huyo. La kwanza, siku zile anapokaribia kujivua, macho yake huingia ukungu. Haoni vizuri, na kwa hiyo huwa mkali, aweza kumwuma hata asiyemchokoza. La pili, akiisha kujivua, halijali tena lile gamba. Huliacha pale pale, na kazi ya kulifagia ni ya mwenye nyumba.

Nawaomba myashike mambo hayo mawili, maana nitayarudia.

Siku ya Jumatano ya Majivu mwaka 2008, tarehe 6 Februari, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake mjini Dodoma juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kesho yake, Waziri Mkuu Bw. Edward Lowassa alisimama Bungeni akasema amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Alilalamika kwamba kamati haikumsikiliza, na hata baadaye alikana kuwa na kosa katika jambo lile. Mawaziri wengine wawili, Bw. Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, walijiuzulu naye. Kwa Katiba yetu, Waziri Mkuu akiondoka mawaziri wote hupoteza viti vyao. Basi, baraza zima likavunjika kwa siku moja. Rais Jakaya Kikwete akamteua Bw. Mizengo Pinda kuwa Waziri Mkuu, na baada ya siku chache baraza jipya likatangazwa.

Mimi na mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, tulisikiliza habari hizo pamoja kwa redio yangu, chini ya mwembe, mama yetu akipepeta mchele karibu nasi. Wakati huo sote wawili tulikuwa watu wa Chama Cha Mapinduzi. Mimi nilikuwa balozi wa shina, naye alikuwa katibu wa tawi. Nikasema, "Vema, chama kimejisafisha." Yeye akatikisa kichwa. "Kaka," akasema, "huyu wamemtoa kafara."

Tusimcheke kwa kusema hivyo, maana alikuwa na sababu yake. Bw. Lowassa ndiye aliyekuwa akihimiza sana ujenzi wa shule za sekondari za kata alipokuwa Waziri Mkuu. Binti wa mdogo wangu alipata kidato cha kwanza katika shule ya namna hiyo, na katika ukoo wetu hapakuwa na msichana aliyepata kuvuka darasa la saba kabla yake. Ndiyo kusema, mimi nilikuwa nikitazama taarifa ya kamati, naye alikuwa akitazama sare ya mtoto wake kwenye kamba ya kuanikia nguo. Tungeweza kuelezana hayo kwa upole. Hatukuelezana. Mama akasema, "Zimeni hiyo redio, njooni mle," nasi tukala kimya.

Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa Aprili 2011, wakuu wa CCM walikutana Dodoma, na hapo ndipo tulipolisikia lile neno la kujivua gamba. Sekretarieti ya chama ikajiuzulu, pamoja na katibu mkuu Bw. Yusuf Makamba, na Bw. Wilson Mukama akashika nafasi yake. Tuliambiwa kwamba watu wanaotuhumiwa wajipime wenyewe na kuachia vyeo, ili chama kirudi kuwa kipya mbele ya wananchi. Julai mwaka ule Bw. Rostam Aziz akaacha ubunge wa Igunga na nafasi yake katika chama. Bw. Lowassa hakuondoka. Basi, kuanzia hapo, kila mtu ndani ya chama alikuwa akimtazama mwenzake na kujiuliza kama huyu ni nyoka au ni gamba.

Hata huku kwetu neno lile lilifika haraka kuliko mbolea. Vijana walilitumia kilabuni, watoto walilitumia shuleni. Mtu akishindwa katika mabishano, huitwa gamba.

Kisha ukaja mwaka 2012. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilizua hasira kubwa Bungeni, hata Bw. Zitto Kabwe akakusanya saini za wabunge za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mwanzoni mwa Mei, Rais Kikwete akabadili baraza, akawaacha mawaziri sita. Mmoja wao alikuwa wa bonde letu hili la Kilombero, Dk. Haji Mponda, Waziri wa Afya, mbunge wa Ulanga Magharibi, ng'ambo ya mto. Madaktari walikuwa wamegoma mapema mwaka ule na kudai yeye na naibu wake waondoke. Dk. Hussein Mwinyi akaletwa mahali pake.

Siku ile watu walijigawa tena katika Mngeta. Wengine walisema bonde limevuliwa nguo, wengine walisema haki imetendeka. Lakini ngoja nikuulize, ndugu msomaji: je, Dk. Mponda alipoteza nini? Mawaziri wa kwetu huchaguliwa miongoni mwa wabunge, na waziri akiachwa hurudi kwenye kiti chake cha ubunge. Naye alirudi pale, na mwaka 2015 watu wa Malinyi wakamchagua tena. Hakwenda jangwani. Sisi huku ndio tuliokuwa tukigombana kana kwamba mtu amekufa.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwezi wa Julai 2015, vikao vya CCM vilikata jina la Bw. Lowassa katika orodha ya waliotaka kugombea urais, na Bw. John Magufuli akateuliwa. Tarehe 28 Julai, Bw. Lowassa akajiunga na Chadema, chama kilekile kilichokuwa kimemshutumu miaka mingi, akawa mgombea wao na wa vyama vilivyoungana chini ya jina la Ukawa. Kule Chadema nako palipasuka. Dk. Wilbrod Slaa, aliyekuwa katibu mkuu wao, hakuweza kuvumilia jambo hilo, akaacha siasa. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na majeruhi wake.

Mdogo wangu alirudisha kadi ya CCM siku chache baadaye. Hakuja kuniambia, nilisikia kwa watu, na jambo hilo liliniuma sana. Mwezi wa Septemba tulikuwa na mkutano wa hadhara. Nilipewa nafasi ya kusema maneno machache. Nilimwona mdogo wangu amesimama mbali, karibu na baiskeli za watu, amekuja kusikiliza tu. Nami nikasema kwa kipaza sauti, "Chama chetu kimejivua gamba, na gamba lenyewe lile pale, limesimama kwenye baiskeli." Watu wakageuka, wakacheka sana. Mimi nami nikacheka. Mdogo wangu aliinama, akaondoka zake polepole. Mama yetu alikuwa ameketi mbele kabisa pamoja na wazee. Yeye hakucheka.

Oktoba ile Bw. Magufuli alishinda urais kwa asilimia 58.46 za kura, na Bw. Lowassa akapata asilimia 39.97. Lakini katika jimbo letu la Mlimba alishinda Bi. Susan Kiwanga wa Chadema, na kule Ifakara, jimbo la Kilombero, alishinda Bw. Peter Lijualikali wa chama hichohicho. Kwa hiyo nilishinda kwa taifa na kushindwa nyumbani, naye mdogo wangu alishindwa kwa taifa na kushinda nyumbani. Kila mmoja wetu alipata sababu ya kiburi na sababu ya uchungu. Tukaacha kusalimiana. Mpaka wa mashamba yetu, ambao miaka yote ulikuwa tuta la kukanyaga tu, ukapandwa miti.

Katika masika ya mwaka 2016, mama yetu alishikwa na homa ya mapafu. Alikuwa akikaa kwangu. Ilikuwa yapata saa saba ya usiku alipoanza kupumua kwa shida. Barabara ilikuwa matope tupu, na siku ile hapakuwa na treni. Mdogo wangu alikuwa na pikipiki aliyoinunua kwa fedha za mpunga, na nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Mke wangu akaniambia, "Nenda kwa shemeji." Nikachukua kurunzi, nikatoka. Nilipofika mbele ya nyumba yake, nikaona pikipiki imeegeshwa barazani. Nikasimama kidogo. Kisha nikapita.

Nilikwenda mpaka kitongoji cha pili kumtafuta mtu mwingine mwenye pikipiki, nikaambiwa amesafiri. Nikarudi kulipopambazuka. Asubuhi tulimpakia mama katika lori la mpunga lililokuwa likienda Ifakara, juu ya magunia, nami nimemshika kichwa. Njiani akafumbua macho, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Pikipiki ya mdogo wako imeharibika?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Hospitalini alitibiwa, akapona, lakini nguvu zake hazikurudi tena. Aliishi miaka miwili, akafariki mwezi wa Juni 2018. Kwa miaka ile miwili sikumwambia kwamba nilimdanganya. Siku ya mazishi, mdogo wangu alisimama upande mmoja wa kaburi, nami upande wa pili, tukatupa udongo bila kutazamana. Majirani waliona, na watoto wetu waliona.

Halafu tazama mambo ya dunia. Tarehe 1 Machi 2019, Bw. Lowassa alirudi CCM. Alipokewa na Rais Magufuli mwenyewe katika ofisi ya chama mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Nilisikia kwa redio ileile. Watu walipiga makofi na kucheka. Mwaka uliofuata hata Bw. Lijualikali alihamia CCM. Silaumu mtu kwa kurudi, maana kurudi si dhambi. Ila nilikaa chini ya mwembe nikajiuliza: hawa wamepatana, na wala hawakutuma mtu Mngeta kutuambia sisi nasi tupatane. Wangetutumaje? Hawajui kama tupo. Nyoka alikuwa amekwisha kwenda zake, na gamba lilikuwa limebaki nyumbani kwetu.

Mama aliacha kisanduku kidogo cha bati. Jioni ile nikakifungua kwa mara ya kwanza. Mlikuwamo rozari yake, picha ya ubatizo wa mdogo wangu, na kadi ya TANU ya baba yetu. Nikakumbuka mwanzo wa mwaka 1962. Nilikuwa mtoto wa miaka sita. Baba alirudi kutoka mkutanoni akawaambia wazee wenziwe kwamba Mwalimu Nyerere ameacha uwaziri mkuu. Ilikuwa tarehe 22 Januari, majuma sita tu baada ya uhuru. Wazee walishtuka. Walidhani ameondolewa. Baba akawaeleza kwamba Mwalimu amemwachia kazi hiyo Bw. Rashidi Kawawa, na kwamba yeye mwenyewe anakwenda kuzunguka vijijini kukijenga chama upya, maana chama kilichozoea kudai uhuru kilikuwa bado hakijajua la kufanya na uhuru wenyewe. Baraza lilibadilika, hata wizara ya fedha ikapewa Bw. Paul Bomani. Mwezi wa Desemba mwaka uleule nchi ikawa Jamhuri, Mwalimu akawa Rais, na Bw. Kawawa akawa Makamu wake.

Nakumbuka baba alisema, "Cheo ni kibuyu cha maji. Ukiisha kunywa, mpe mwenzako, wala usimwage yaliyobaki."

Sitaki kuwadanganya kwamba siku zile zilikuwa za malaika. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na vyama vingi havikurudi mpaka 1992. Kwa hiyo baba hakupata mtihani wetu, wa ndugu wawili kukaa katika vyama viwili. Huenda naye angeshindwa. Lakini neno lake la kibuyu lilinichoma, maana mimi sikuwa na cheo chochote cha maana. Ubalozi wa nyumba chache tu, nami nikamwaga maji yote ya mama yangu.

Nikaichukua ile kadi, nikaenda kwa mdogo wangu. Giza lilikuwa limeingia. Nikabisha hodi mlango ambao sikuubisha usiku ule wa masika. Akafungua, akaniangalia, akasema, "Karibu, kaka," kwa adabu yake ya siku zote. Nikaketi. Nikamwambia yote: habari ya mkutano, habari ya pikipiki, habari ya uwongo niliomwambia mama katika lori. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo nitakwenda nayo kaburini. "Kaka, usiku ule sikuwa nimelala. Niliuona mwanga wa kurunzi yako dirishani. Nilijua ni mama. Nikasema moyoni, akibisha hodi nitatoka. Ukapita. Nami sikutoka."

Tulilia kama watoto, wazee wawili wenye mvi. Hatukubishana tena nani alikosa zaidi.

Mdogo wangu hakurudi CCM, nami sikuhamia Chadema. Hatukuona haja. Miti ya mpakani tuliikata tukajengea ghala, na kadi ya baba iko kwake, maana mimi nilikaa na mama miaka mingi zaidi. Bw. Lowassa alipofariki tarehe 10 Februari 2024, tulisikiliza habari hizo pamoja chini ya mwembe uleule. Watu wa vyama vyote walimlilia. Binti wa mdogo wangu, yule wa sare ya shule ya kata, sasa ni mama wa watoto wawili. Alituletea chai.

Basi, wasomaji wapenzi, nimesema yote haya kwa nini? Si kwa ajili ya kuwaambia msijali siasa. Jalini. Baraza likibadilishwa, ulizeni waziri mpya atafanya nini juu ya barabara, mbolea na dawa, na yule aliyeachwa aliacha kazi imefika wapi. Chama kikisema kinajisahihisha, ulizeni kimesahihisha nini katika tawi lenu, maana marekebisho yasiyofika kijijini ni maneno ya Dodoma tu. Hiyo ni haki yenu, tena ni wajibu wenu.

Lakini siku zile chama kinapojivua gamba, kumbukeni kwamba macho yana ukungu. Usilichukue neno la jukwaani ukalileta mezani. Usimwite ndugu yako jina ambalo wakubwa wameitana, maana wao kesho watapeana mikono, nawe utabaki na jina hilo mdomoni. Na kama lipo gamba la zamani nyumbani kwako, usingoje lioze lenyewe. Chukua kurunzi leo usiku, uende. Ukifika kwenye mlango ule, bisha hodi. Huenda mwenzako naye hajalala.

Mimi mzee wenu,
Mkulima wa Mngeta